Kabla Fundi Hajaja: Kupanga Banda la Kuku na Uwanja Wake

Banda la kuku likishasimama, makosa yake ni ghali kuyarekebisha. Ukuta uliozibwa hadi juu, mlango ambao mtu mzima hapiti na fagio, sakafu inayoingiza maji kila masika: yote hayo huamuliwa siku ile fundi anapouliza, "Bosi, tuanzie wapi?" nawe huna jibu. Fundi hana kosa. Atajenga anavyojua, na mara nyingi anachojua ni kujenga stoo.

Mwongozo huu unakuandaa kwa swali hilo. Mfano tutakaoutumia ni wa kuku 12, mitetea 11 na jogoo 1, wa kienyeji au chotara, kwa mtindo wa nusu huria: usiku wanalala bandani, mchana wanashinda kwenye uwanja uliozungushiwa wavu. Idadi hiyo inatosha familia kupata mayai na kitoweo bila kugeuza ua kuwa shamba. Ukitaka zaidi au pungufu, gawanya au zidisha vipimo.

Maswali manne kabla ya kununua hata msumari

1. Unaruhusiwa? Halmashauri huwa na sheria ndogo kuhusu mifugo ya mjini. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, kisha muone afisa mifugo wa kata. Kama nyumba ni ya kupanga, ongea na mwenye nyumba kwanza, na ujenge banda la mbao linaloweza kufunguliwa na kuhamishwa.

2. Chakula utakimudu? Kuku mkubwa hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 12 ni kilo 1.4 kila siku, au kilo 43 kwa mwezi, karibu gunia zima la kilo 50. Uwanjani wataokota wadudu na majani, lakini uwanja mdogo hauwalishi. Ulizia bei ya chakula dukani leo. Ikikushtua, punguza idadi ya kuku sasa hivi, kabla hujajenga.

3. Nani atafungua asubuhi na kufunga jioni? Taja mtu kwa jina, na msaidizi wake. Kuku huingia wenyewe giza likianza, ila mlango haujifungi.

4. Jogoo wa nini? Mitetea hutaga bila jogoo. Wapo wanaobisha, lakini ndivyo ilivyo: jogoo anahitajika tu ukitaka mayai ya kuatamiwa. Kama dirisha la jirani liko karibu, anza na mitetea mitupu na ulinde ujirani.

Kuchagua mahali

Mahali pazuri utapajua siku ya mvua. Toka na mwavuli, uangalie maji yanakotoka, yanakopita na yanakotuama. Banda likae mahali palipo juu kuliko njia ya maji. Kama ua wote ni tambarare, panga kuinua sakafu kwa tofali au kifusi, angalau sentimita 20 juu ya ardhi.

Kaa mbali na kisima na madirisha ya vyumba vya kulala, ya kwako na ya jirani. Tafuta kivuli cha mchana, lakini usijenge chini ya mnazi. Nazi moja inatosha kutoboa bati. Chini ya mwembe pana kivuli kizuri, ila popo na ndege wa porini watakunya juu ya banda na uwanjani, na kinyesi cha ndege wa porini huleta magonjwa. Kivuli bora ni kile kinachotoka pembeni, cha mgomba, mpapai au mlonge uliopandwa nje ya uzio, mahali ambapo kuku hawafikii kuufukua.

Hewa na ukavu kwanza

Hapa ndipo mabanda mengi yanapokosea, na ndipo ningependa utulie zaidi.

Kuku hatoki jasho. Joto likimzidi hufungua mdomo na kutweta, akitoa maji mwilini kwa pumzi. Maji hayo hubaki bandani, yakijumlishwa na ya kinyesi, ambacho sehemu yake kubwa ni maji. Banda lisilopitisha hewa hulowa kutokea ndani hata wakati wa kiangazi. Kinyesi kilicholowa hutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Amonia huumiza njia ya hewa ya kuku, na mafua yakipiga hodi yanakuta mlango wazi. Unyevu huohuo ndio unaowapa uhai vijidudu vya koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza vifaranga na matembe.

Kwa hiyo liambie jicho lako lisidanganywe na ukuta mzuri wa tofali uliofika paani. Kuku wazima wa pwani, Morogoro au Dodoma hawahitaji kufunikwa. Wanahitaji paa, upepo na sakafu kavu.

Fanya hivi:

- Lielekeze banda mashariki-magharibi. Pande mbili ndefu zitazame kaskazini na kusini, na pande fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Pande fupi ndizo uzibe kwa tofali au mbao.
- Pande ndefu ziba sentimita 60 tu kutoka chini. Kuanzia hapo hadi paani weka wavu. Kuta hizo fupi huzuia upepo wa chini na mvua inayoruka kutoka ardhini.
- Refusha paa. Litokeze sentimita 75 mbele na nyuma, na pembeni pia, ili mvua isifike kwenye wavu.
- Tengeneza pazia. Turubai au magunia yaliyoshonwa pamoja, yaliyofungwa juu na kukunjwa, huteremshwa siku za mvua ya upepo. Pwani, upande wa kusini unahitaji pazia imara, kwa kuwa masika huja na kusi.
- Usizibe sentimita 20 za juu kabisa. Hata Njombe au Lushoto, ambako utateremsha pazia usiku kucha, uwazi huo chini ya paa ubaki. Hewa ya moto na yenye unyevu hupanda, na hapo ndipo inapotokea.

Bati hudumu lakini huwaka joto. Likipakwa chokaa juu, au likifunikwa makuti, joto hupungua sana. Paa la makuti matupu ni baridi, ila panya na nyoka hulipenda, na viroboto hupata maficho. Kati ya hayo mawili mimi nachagua bati lenye makuti juu, kwa sababu makuti yakichakaa unayatoa na banda halivuji.

Namna ya kupima ukavu. Banda likishatumika, shika gao la maranda kutoka sakafuni ulibane. Likiachia na kumwagika, liko sawa. Likibaki donge, limelowa: geuza kwa reki, ongeza makavu, na utafute maji yanatoka wapi. Kisha chuchumaa mpaka pua yako ifike usawa wa kichwa cha kuku. Ukisimama hunusi kitu. Ukichuchumaa macho yakiwasha, kuku wanaishi kwenye hewa hiyo.

KISANDUKU: Vipimo vya kuku 12

- Banda: mita 2 kwa mita 1.5 (kuku 4 kwa kila mita ya mraba)
- Kimo: mita 2.1 mbele, mita 1.7 nyuma, paa la mteremko mmoja
- Bati: vipande 5 vya mita 3
- Vichanja vya kulalia: viwili, kila kimoja mita 2
- Viota: 3, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, kimo sentimita 35
- Mlango wa mtu: sentimita 70 kwa 170
- Vilango vya kuku: viwili, sentimita 30 kwa 35
- Uwanja: mita 6 kwa mita 4, umegawanywa sehemu mbili
- Wavu wa uzio: mita 22 pamoja na kigawanyo, kimo mita 1.8
- Nguzo: 12 za uzio na 2 za ziada kwa milango
- Maji: lita 3 hadi 4 kwa siku, zaidi siku za joto kali

Bati tano zitakushangaza kwa banda dogo kiasi hiki. Sababu ni lile paa lililotokeza. Fundi atakushauri zipunguzwe, usikubali.

Wezi wa usiku na wa mchana

Kuna wavu unaozuia kuku kutoka, na kuna wavu unaozuia adui kuingia. Dukani vyote viwili vinaitwa wavu wa kuku. Ule mwembamba uliosokotwa wenye matundu ya pembe sita ni wa kuzuia kuku tu. Mbwa anauchana, kicheche anaulegeza kwa meno na kucha, panya na nyoka wadogo wanapita bila kuugusa. Kwa banda nunua wavu wa nyaya zilizochomelewa, mgumu, wenye matundu ya nusu inchi. Ni ghali, lakini kwa banda letu unahitaji kipande kidogo, pande mbili tu za mita 2. Ule mwembamba uupeleke kwenye uzio wa uwanja, ambako kuku hawalali.

Kicheche akiingia banda lililofungwa hachukui mmoja akaondoka. Huua wengi, hula kichwa na shingo, na asubuhi unakuta mizoga. Kanu na fungo nao huja usiku, hata mijini palipo na vichaka au mifereji. Nguchiro huja mchana kutafuta mayai na vifaranga.

Baadhi yao huchimba. Njia rahisi ya kuwazuia ni hii: badala ya kufukia wavu wima, ulaze chini. Chukua wavu wenye upana wa sentimita 45, uufunge kwenye sehemu ya chini ya ukuta au uzio, uutandaze kuelekea nje, kisha uufunike kwa udongo na mawe. Mnyama hufukua palepale ukuta unapogusa ardhi, hukutana na waya, na hafikirii kurudi nyuma nusu mita.

Kitasa kiwe cha kuzungusha au komeo lenye pini. Kigingi cha mbao hulegea. Mlango ukifungwa, jaribu kupitisha kidole gumba kwenye kila upenyo. Kikipita, panya atapita, na panya hula mayai na kuwatafuna vifaranga usiku.

Angani kuna mwewe, na kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja kuna kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu: waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote. Kuku mkubwa hawamwezi, lakini vifaranga huwazoa mmoja mmoja mchana kweupe. Kama unapanga kuatamisha, nusu moja ya uwanja ifunikwe juu. Nyavu za uvuvi zilizochakaa, zenye matundu madogo na zikivutwa zikakaza, hufaa na hupatikana kwa bei nafuu kwenye mialo.

Siafu ni habari nyingine. Kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Fyeka majani kuzunguka banda upana wa mita moja, na wakivamia usiku, kazi ya kwanza ni kufungua mlango kuku watoke.

Ndani ya banda

Vichanja viwe vya mbao ya inchi 2 kwa 2 iliyopigwa randa pembe, au mti laini wa unene huohuo. Viweke kimo kimoja, sentimita 60 kutoka sakafuni, sentimita 40 kutoka ukutani na 40 kati ya kimoja na kingine. Ukivipanga kama ngazi, kila jioni patakuwa na vita ya kugombea cha juu. Visipigiliwe misumari, viegemee kwenye vishikizo ili uweze kuvitoa. Sababu ni utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa na viungo vya mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Ingia na tochi saa tatu usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja. Kikitoka na michirizi myekundu, toa vichanja nje, vioshe kwa maji ya moto, vianike, na umuulize afisa mifugo dawa ya kupulizia.

Viota viwe chini kuliko vichanja, la sivyo kuku watalala humo na kuchafua mayai. Mahali penye giza kidogo, majani makavu ndani, basi.

Sakafuni tandika maranda au pumba za mpunga, unene wa sentimita 8 hadi 10. Vumbi laini la kiwandani la mbao liache: huingia kwenye pumzi, na vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula. Usichukue maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa.

Uwanja wa zamu

Kuku 12 kwenye mita 24 za mraba watamaliza kila jani kwa wiki chache. Ndiyo maana uwanja unagawanywa. Banda liwekwe katikati ya upande wa mita 6, na kigawanyo kianzie katikati ya banda hadi uzio wa mbele. Kila nusu ina kilango chake na mlango wake wa mtu. Kuku wakitumia nusu moja kwa wiki tatu au nne, nyingine inapumzika, jua linaua minyoo na vijidudu, nawe unaweza kupanda mchicha au majani ya kulisha. Wengi huona kigawanyo ni gharama ya bure. Kwangu ndicho kitu cha mwisho kupunguza, maana ardhi isiyopumzika hugeuka tope lenye minyoo.

Kwenye kila nusu acha mahali pakavu pa kuoga vumbi: mchanga mkavu na majivu, upana wa karai kubwa, chini ya kivuli.

Hatua za kazi, kwa mpangilio

1. Chora banda na uwanja ardhini kwa kamba na vigingi. Acha alama kwa siku mbili, uone jua na kivuli vinavyozunguka.
2. Inua na shindilia sakafu. Ukiweza mwaga saruji nyembamba, panya hawatachimba.
3. Simamisha nguzo. Sehemu inayoingia ardhini ikae kwenye zege, au tumia nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, sababu ya mchwa.
4. Ezeka paa kabla ya kuta, ili vifaa vikae pakavu.
5. Jenga kuta fupi, kisha funga wavu mgumu kwenye fremu, uupigilie kwa vipande vya mbao. Misumari iliyokunjwa peke yake hung'oka.
6. Weka milango, vishikizo vya vichanja, viota.
7. Laza wavu wa kuzuia wachimbaji.
8. Maliza na uzio wa uwanja.

Makosa ninayoyakuta mara kwa mara

Kujenga banda fupi ambalo mtu hawezi kusimama ndani. Halitafagiliwa, hata kama leo unaapa utalifagia.

Kuanza na vifaranga 100 kwa sababu bei ya jumla ilivutia, wakati banda ni la kuku 12. Kuku waliobanana hudonoana manyoya, na donda likianza kutoa damu hawaachi.

Kuweka gunia la chakula ndani ya banda. Panya watahamia humo. Chakula kikae kwenye pipa lenye mfuniko, mahali pakavu, na mahindi yaliyoota ukungu usiwape: sumukuvu huharibu ini la kuku.

Kutupa mbolea mbichi kwenye bustani ya mchicha. Irundike, iache ioze miezi kadhaa, ndipo uitumie.

Hakiki kabla ya kuleta kuku

☐ Mvua moja imenyesha na sakafu imebaki kavu
☐ Kidole gumba hakipiti popote mlango ukifungwa
☐ Naweza kusimama ndani na kufagia kila kona
☐ Vichanja vinatoka kwa mkono
☐ Pazia linateremka na kupanda
☐ Vyombo vya maji viko kivulini, juu ya tofali
☐ Nina namba ya afisa mifugo
☐ Mfungaji wa jioni anajua zamu yake

Kuku wanapofika

Nunua wote mahali pamoja ukiweza, wenye macho angavu, pua kavu na manyoya safi kwenye sehemu ya haja. Wafungie bandani siku 4 au 5 za mwanzo, wakiwa na maji na chakula, wapazoee kuwa kwao. Kisha fungua kilango kimoja saa moja kabla ya jua kuzama. Watatoka, wataparua kidogo, na giza litawarudisha. Siku inayofuata fungua mapema zaidi. Kuku mgeni anayeletwa baadaye akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

La mwisho ni chanjo ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Hauna tiba, na ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kufagia karibu wote. Nchini Tanzania inatumika chanjo iitwayo I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine: tone moja kwenye jicho la kila kuku mzima, hurudiwa kila miezi 3. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, na ikishafunguliwa haiwekwi muda mrefu. Kwa hiyo zungumza na majirani wenye kuku, mchange, mchanje siku moja. Kuku wa jirani wasipochanjwa, ugonjwa utabaki ukizunguka mtaani. Andika tarehe kwa chaki au rangi nyuma ya mlango wa banda, na chini yake tarehe ya dozi inayofuata. Afisa mifugo wa kata atakuambia pia ratiba ya ndui na gumboro kama umeanza na vifaranga.